Sungura Mlemavu na Kibanda Kilichomlemaza

Katika boma nyingi za Kericho na Bomet, sungura ni wa mtoto. Ng'ombe wana mwenyewe, kuku wana mama yao, majani chai yanaitikia mizani ya kituo cha kununulia. Lakini wale sungura wawili watatu kwenye kibanda cha mabanzi nyuma ya jiko huachiwa kijana wa shule ya msingi. Yeye ndiye huwakatia nyasi jioni, na yeye ndiye huwapa majina. Kisha asubuhi moja mmoja wao anaonekana akiburuta miguu ya nyuma. Baba anasema achinjwe kabla hajakonda. Mtoto hataki kusikia.

Rai ya baba si ya kikatili. Nyama ni nyama, na mnyama aliyevunjika mgongo haponi kwa huruma. Ila sufuria haimalizi kila kesi. Waadventista wa Sabato, walio wengi upande wa Kisii na Nyamira na walio pia katika vijiji vya wafanyakazi wa mashamba ya chai, hawali sungura. Mambo ya Walawi 11:6 imemtaja miongoni mwa wanyama najisi. Katika nyumba ya namna hiyo sungura ni wa kuuza au wa kupenda, na akilemaa hana mnunuzi. Anabaki kwenye kona ya kibanda, akilalia mkojo wake, hadi afe. Huko ndiko kutelekezwa kwa kweli, na hutokea bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Swali la umma basi ni hili: kuokoa na kutunza sungura walemavu ni jukumu la nani, na ni kazi inayostahili shilingi ya serikali?

Kabla ya kujibu, inafaa kuuliza ulemavu wenyewe unatoka wapi, kwa sababu sehemu kubwa huundwa na binadamu. Mifupa ya sungura ni myepesi mno, takriban asilimia nane tu ya uzito wake, ilhali misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu nyingi. Ukimnyanyua kwa masikio au ukamwacha akaning'inia, anarusha teke, na teke hilo hilo linamvunja uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Hahitaji kuanguka wala kuumwa na mbwa.

Chanzo cha pili kimejificha ndani ya biashara. Zaidi ya mwongo mmoja uliopita, ufugaji wa sungura ulipigiwa debe kote Kenya, na wakulima wengi wakajenga vizimba wakisubiri wanunuzi wa nyama. Soko hilo liliwayumbisha wengi. Kilichowafaa baadhi yao ni mkojo: unakusanywa, unatiwa kwenye mtungi na kuuzwa kama mbolea ya majani na dawa ya kufukuza wadudu. Ili mkojo ukingwe, sakafu inakuwa ya waya na chini yake huinamishwa bati. Waya huo huo unachubua nyayo za sungura, kwani hana vitanga laini kama vya paka. Ana manyoya tu. Kidonda kinaingia usaha, usaha unafika kwenye mfupa, na mnyama anaacha kutembea. Chombo kinachomletea mwenye kibanda pesa ndicho kinachomlemaza mfugwa.

Ongeza hali ya hewa. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua ya alasiri ni mwenyeji wa huko. Kibanda kinachovuja hakikauki. Sungura mwenye manyoya yaliyolowa mkojo na maji hupata ngozi iliyoungua, na nzi wakitaga hapo, funza humla akiwa hai.

Hapa ndipo wanaotetea uokoaji wa kila sungura na wanaotetea kisu kwa kila sungura hupishana bila kusikilizana, maana wote wawili huzungumza kana kwamba ulemavu ni wa aina moja. Sungura aliyepinda shingo anatisha kumtazama: kichwa kimelala upande, anazunguka, anapinduka. Mara nyingi chanzo ni utitiri wa masikioni ulioachwa hadi ukaleta maambukizi ya ndani, au kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, kinachoenezwa kwa mkojo. Ivermektini kwa utitiri, au fenbendazoli kila siku kwa siku 28 kwa kimelea hicho, ni matibabu yanayojulikana, na dawa hizo hupatikana agroveti kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Akipona nusu, na shingo ikabaki imepinda, bado anakula, anajisafisha na kumfuata mtoto uani. Kumchinja huyo kwa sababu ya sura yake ni haraka isiyo na msingi.

Aliyekatika mgongo ni habari nyingine. Huyo anahitaji kukamuliwa kibofu, kuoshwa na kukaushwa kila siku, kugeuzwa, na hata kusogezewa kinyesi chake laini, ambacho sungura mzima hukila moja kwa moja kutoka mwilini ili apate vitamini. Marekani, chama cha House Rabbit Society kilichoanzishwa California mwaka 1988 kimejenga utamaduni wa kuwafuga sungura ndani ya nyumba, na huko wapo wanaotembezwa kwa vigari vidogo vya magurudumu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mchumaji chai anayeingia shambani alfajiri na kurudi jioni hawezi kuifanya, na kumwambia kwamba hana upendo ni kumtukana. Kwa mnyama wa hali hiyo, kifo cha haraka mikononi mwa mtu anayejua kazi ndiyo huduma yenyewe.

Tatizo ni kwamba mtu huyo hapatikani kirahisi. Shirika la kutetea wanyama la KSPCA lina makao yake Karen, Nairobi, mwendo wa nusu siku. Daktari wa mifugo wa karibu ana ndigana ya ng'ombe na miguu na midomo mezani mwake. Mwuza agroveti, ambaye kwa vitendo ndiye daktari wa sungura, anaweza kwa nia njema kumpa mteja amoksilini ya kumeza, dawa inayoua bakteria wa tumboni ambao sungura huwategemea, na hatimaye kumwua sungura mwenyewe.

Kisheria kaunti haziwezi kusema hayawahusu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kuwatesa bila sababu. Hata hivyo, makao ya sungura walemavu yaliyojengwa kwa kodi yangekuwa kosa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo za mbwa zinashindania mfuko huo huo. Mzazi anayemsubiria mwanawe kiti cha magurudumu ana haki ya kukasirika akiona jengo la sungura.

Zipo hatua zisizodai jengo. Afisa ugani anayefundisha wafugaji kukinga mkojo aongeze somo moja: ubao wa kupumzikia juu ya waya, au fito za mianzi zilizopangwa kwa nafasi ndogo, mkojo utapita na nyayo zitapona. Wauza agroveti wapewe mafunzo mafupi kuhusu dawa za sungura. Daktari wa kaunti apangiwe siku ya kuwaona wanyama wadogo siku ya soko.

Upinzani mkali huenda ukatokea kwingine kabisa. Watoto wa sungura wanaozaliwa miguu ikiwa imetawanyika mara nyingine huurithi ulemavu huo, kwa hiyo wazazi wao hawafai kuendelea kupandishwa. Mfugaji mwenye jike anayezaa watoto wanane kwa mkupuo, hata kama wawili kati yao wanaburuta miguu, atataka kujua nani atamlipa hasara.