Kiwanda kidogo cha bia: Ushuru hudai kabla baa hazijalipa

NAFUU ya ushuru waliyopewa watengenezaji wadogo wa bia nchini Kenya kupitia sheria ya marekebisho ya kodi ya mwaka wa 2024 imewatia moyo wengi waliokuwa wakisita kuanzisha viwanda. Hata hivyo, hesabu zinaonyesha kuwa hatari kubwa kwa kiwanda kichanga si bei ya mitambo, bali ni pengo kati ya siku ya kulipa serikali na siku ya kulipwa na baa.

Sheria hiyo iliweka ushuru wa Sh10 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi kwa bia ya viwanda vidogo vinavyojitegemea, ilhali bia ya viwanda vikubwa iliwekewa Sh22.50. Katika lita 1,000 za bia yenye alkoholi ya asilimia tano mna sentilita 5,000 za alkoholi halisi. Mdogo atalipa Sh50,000, mkubwa Sh112,500. Hapo VAT ya asilimia 16 bado haijahesabiwa.

Lakini fedha hizo hudaiwa katika siku tano za kazi baada ya bia kutoka ghalani. (Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa kali zaidi: saa 24.) Baa iliyochukua mapipa kwa mkopo huenda ikalipa baada ya mwezi. Kabla ya hapo bia imekaa tangini wiki tatu au zaidi ikichacha na kutulia, huku shayiri, hopsi, umeme na mishahara vikiwa vimelipiwa.

Kwa mwendo huo, tangi hujazwa mara 17 tu kwa mwaka. Anayepiga hesabu za kulijaza kila wiki anajidanganya mwenyewe pamoja na benki yake. Heri aanze na tangi moja na kubakisha akiba ya miezi mitatu ya gharama, kuliko kununua matatu na kukopa fedha za ushuru.

Keroche ya Naivasha, iliyoanza 1997 kwa mvinyo, iliyumbishwa na ongezeko la ushuru wa kinywaji hicho 2007, kisha ikazindua bia ya Summit 2008. Ilikua, lakini mzigo haukuiondokea. Mwaka wa 2022 Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilifunga kiwanda hicho ikidai malimbikizo, bia ikiwa bado matangini.