Kabla ya Sauti Sol Kulikuwa na Five Alive, Msinibishie

Juzi niko kwa matatu ya Langas, kijana nyuma yangu anamwambia mwenzake eti Sauti Sol ndio walileta mambo ya kupanga sauti Kenya. Nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Sauti Sol nawapenda, walianza 2005 wakiwa vijana wa Upper Hill na wamejituma. Lakini miaka ya tisini kulikuwa na vijana watano Nairobi, Five Alive. Sauti tupu, bila gitaa, bila ngoma: mmoja anashika besi chini kabisa, mwingine yuko juu, wengine wanajaza katikati. Mmoja wao ni Eric Wainaina. Ndiyo, huyo wa "Nchi ya Kitu Kidogo". Kundi likavunjika, Eric akaenda kusomea muziki Berklee, Boston, na tangu hapo Five Alive ni sentensi moja kwenye historia ya Eric. Na wale wanne je?

Mtu aniambie walikuwa wanaiga Wamarekani, nitacheka. Hardstone alibeba mdundo wa Marvin Gaye akatengeneza "Uhiki" na tukamwita mwanzilishi. Kwani Marvin alizaliwa Kiambu? Shida haikuwa kuiga. Capital FM ilikuja 1996. Kabla ya hapo ilikuwa KBC ama ukae kimya. Halafu sisi wa simu tukaja kumalizia: tunajua Boyz II Men walikaa namba moja Marekani wiki 13 mwaka wa 1992, lakini watano wa kwetu hatuwezi kuwataja majina.

Hii inaniuma kwa sababu zangu pia. Chuo niliacha mwaka wa pili, kundi letu sikuacha. Tuko wanne, tunaimba harusi hapa Eldoret. Kila mara emsii anauliza, "Vyombo viko wapi?" Tukisema hatuna, pesa inapunguzwa, kama vile tumeleta nusu ya mzigo. Emsii aliyekua akisikia Five Alive redioni hangeuliza hivyo.

KBC, fungueni stoo. Na wewe ambaye mama yako alikuwa msichana miaka ya tisini, pekua lile boksi la kaseti kabla halijatupwa. Redio kaseti ya babu ninayo, bado inazunguka. Ukipata yao niandikie, nitaifuata hata Kapsabet, nauli ni juu yangu.