Sindano ya miezi mitatu na kilo zinazoongezeka



Mwezi huu wamama wengi wameniletea ulizo moja, wengine bombani, wengine mlangoni mwa darasa wakija kuchukua watoto: "Mwalimu, eti ni kweli sindano ya uzazi inanenepesha?" Najua kuna watakaosema, huyu mwalimu kijana anaingia vipi mambo ya wamama. Kweli mimi si muganga. Lakini nimesoma, nimeuliza wauguzi, na jambo hili linaharibu nyumba kimya kimya. Mgao wa hapa kambini kila mtu anaujua, kilo kwa kilo. Sasa mama akianza kunenepa, bwana anauliza, "Unakula wapi?" Jirani naye ana jibu lake tayari. Mama anachoka na maneno, anaacha sindano bila kumwambia mtu. Miezi inapita, ana mimba, na mtoto wa mgongoni bado hajaacha ziwa.

Jibu ni hili: ndiyo, inaweza kunenepesha. Nasema wazi kwa sababu kuna wamama walioambiwa eti ni mawazo yao tu. Sindano hii, ambayo wengi tunaiita Depo, ina dawa inayofanana na homoni ya mwili wa mwanamke iitwayo projesteroni. Kuna wanaosikia njaa zaidi wakiitumia. Shirika la Afya Duniani linasema kwa wastani mwanamke anaongezeka kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Wastani, jamani! Wengine hawabadiliki kabisa, wengine wanapungua, na wengine wanapita hapo. Huko Texas, Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulifuata wanawake kwa miaka 3, na wa sindano waliongezeka kwa wastani kilo 5.1, sehemu kubwa ikiwa mafuta. Wale wa vidonge hawakuzidi wale wasiotumia homoni yoyote.

Nasikia pia kwamba damu ya mwezi isiyotoka inajaa tumboni na ndiyo inaleta unene. Hapana. Sindano inafanya ukuta wa ndani wa kizazi ubaki mwembamba, basi hakuna kitu cha kutoka. Damu haijafichwa mahali.

Wababa, homoni ina nguvu ya kupanga mafuta mwilini. Msichana akivunja ungo, nyonga zinajaa hata kama sahani yake ni ileile; hiyo ni kazi ya estrojeni. Hata watu waliozaliwa wanaume wanaopewa estrojeni na daktari ili miili yao ifanane na ya kike, mafuta yao yanaanza kuhamia nyonga na mapaja katika miezi 3 hadi 6, na uzito wao pia unaweza kupanda. Kwa hiyo bibi yako akiongezeka kilo mbili, usikimbilie kutafuta nani anamlisha.

Sasa hesabu kidogo, maana mwalimu hawezi kuacha. Siku ya sindano omba upimwe kwenye mizani, na kilo ziandikwe kwenye kadi. Baada ya miezi 6 linganisha. Aliyeanza na kilo 60 akifika 63, hiyo ni asilimia 5. Aliyepita hapo katika miezi hiyo 6 ya kwanza ndiye mara nyingi anaendelea kupanda. Huyo aongee na muuguzi mapema, asingoje nguo zote zimkatae.

Na kuongea si lazima kuwe kuacha uzazi wa mpango. Kuna kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni hata kidogo, nacho kinaweza kukaa miaka 10. Kuna vidonge, ila mama anayenyonyesha aseme, maana si kila aina inamfaa. Kuna vijiti vya mkononi vya miaka 3 au 5. Navyo vina homoni, na wengine wanaongezeka uzito kidogo. Kuna kondomu, ambayo peke yake kati ya hizi inakinga pia UKIMWI. Jambo kubwa ni kupata njia mpya kabla ile ya zamani haijaisha muda.

Wengine wanadhani aliyezoea sindano anabaki na kinga mwaka mzima. Ni kweli kwamba mimba inaweza kuchelewa, mara nyingi kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, lakini wapo wanaoshika mapema zaidi, na huwezi kujua wewe ni yupi.

Kama tarehe imekupita kwa sababu ya foleni ya mgao au ugonjwa wa mtoto, usiogope kwenda. Mpaka wiki 4 baada ya tarehe bado unaweza kuchomwa bila kupimwa mimba. Ikipita hapo nenda vilevile, utapimwa kwanza. Beba kadi yako, na bwana akiwa na nafasi aje naye asikie mwenyewe.