Kibali Wanatoa Wao, Hasara Tunabeba Sisi

Vijana wenzangu, kumbukeni foleni za mwaka 2017 kwenye steshenari za mjini Kibondo. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, dirisha la udahili lilikuwa limefunguliwa, na mwaka huo ule mfumo wa pamoja wa TCU haukuwepo tena. Kila mtu anaomba moja kwa moja chuoni, na kila chuo kinataka ada yake ya maombi. Dogo wa Mabamba au Kifura anapanda bodaboda mpaka mjini, analipia kujaziwa fomu, analipa chuo, anarudi nyumbani kusubiri. Hiyo hela ni debe la maharage la mama yake.

Kisha mwaka huo wa 2017 TCU ikatangaza: vyuo 19 havikuruhusiwa kudahili mwaka wa kwanza 2017/18, na programu 75 katika vyuo vingine 22 zilisimamishwa. Kwenye orodha kilikuwapo KIU cha Dar es Salaam, kilikuwapo Teofilo Kisanji cha Mbeya, na kilikuwapo Askofu Mkuu Mihayo cha Tabora. Tabora, jamani! Huko ndiko jirani kwetu, sisi ambao wakati huo mkoa mzima hatukuwa na chuo kikuu chenye kampasi ya maana.

Tusidanganyane. Chuo kisicho na wahadhiri wa kutosha, maabara wala maktaba hakina haki ya kumtoza mtoto wa mkulima ada. Mpinzani anayepinga ukaguzi kwa sababu tu umefanywa na serikali hatusaidii. Ubora tunautaka, tena sisi ndio tunauhitaji kuliko wengine. Mtoto wa kigogo akipata shahada mbovu, baba ana simu ya kumpigia mtu. Wa kwetu ana cheti tu.

Lakini tuulize: nani aliwapa hawa vibali? Ni TCU hiyohiyo, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Hakuna programu inayofundishwa bila kupita mezani kwake. Na wakati huo, mwaka 2017, kila mwanafunzi alitozwa Sh 20,000 kwa mwaka kwa ajili ya udhibiti wa ubora. Kama tulilipia udhibiti kila mwaka, ubora uliporomoka mdhibiti akiwa wapi?

Na haikuwa mara ya kwanza. Mapema mwaka 2016 walifuta kibali cha chuo cha Mtakatifu Joseph kule Songea, wanafunzi wakatawanywa. Mei mwaka huohuo vijana zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu pale UDOM waliambiwa wafungashe virago ndani ya saa 24. Programu ile ilikuwa ya serikali yenyewe! Kosa la juu, anayelala stendi ni mwanafunzi.

Kwa hiyo madai yetu ya mwaka 2017 kwa TCU na kwa Waziri wa wakati huo, Ndalichako, yalikuwa haya:

Moja, itoeni hadharani, kwa Kiswahili, sababu ya kila programu kusimamishwa na masharti ya kuifungulia. "Kasoro" peke yake si maelezo.

Mbili, aliyekwisha kulipa ada ya maombi kwenye chuo kilichofungiwa arudishiwe hela yake, na aongezewe muda wa kuomba kwingine.

Tatu, wanaoendelea na masomo kwenye programu hizo wahakikishiwe kwa maandishi kwamba shahada zao zitatambuliwa na mikopo yao haitaguswa. Kuambiwa "endeleeni tu" hakutoshi.

Nne, aliyesaini vibali hivyo naye awajibike. Haiwezekani chuo kiadhibiwe, mwanafunzi aadhibiwe, ila mwenye muhuri abaki ofisini.

Mikutano ya hadhara wakati huo walituzuia, sawa. Kusaidiana hawakutuzuia. Tukaambiana: ukiwa na bando, pakua ile orodha ya 2017, itume kwenye magrupu ya Kibondo, Kakonko, Kasulu na Buhigwe. Mwenye mdogo wake kijijini ampigie leo, kabla hajalipa: ahakiki chuo, kisha ahakiki na programu, maana chuo kinaweza kuwa wazi huku kozi aliyoichagua imefungwa. Ukikutana na aliyekwisha kulipa, mwambie atunze risiti. Tutaidai ile hela, na risiti ndiyo ushahidi wetu.