Deni la dola lisidaiwe kwa mwimbaji

JICHO LA SIMIYU
Na Masunga Luhende, Shishiyu

Usukumani, pamba ikishavunwa na kuuzwa, msimu wa mbina, yaani ngoma za mashindano, huanza, na vyama vya Bagika na Bagalu hukutana tena uwanjani kama walivyokutana babu zao. Simulizi zetu zinasema ushindani huu ulianza karne ya 19 kwa mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, kila mmoja akijiona hana mpinzani. Hawakuumaliza ubishi wao kwa mikuki. Walicheza, wakawaachia watu waamue, na wafuasi wao wakawa vyama viwili ambavyo mpaka leo hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Manju wa upande huu humsuta mwenzake wa upande ule kwa maneno makali, na mwenzake hujibu, lakini hakuna anayedai upande wa pili uzibwe mdomo, kwa maana bila huo upande wa pili hakuna mbina. Nauleta mfano huu wa nyumbani kwa sababu umebeba nusu ya hoja yangu ya leo: kinyongo kati ya majirani hakimalizwi kwa kuzuia nyimbo za jirani. Nusu ya pili ni hii: penye deni la kweli la kihistoria, deni hilo lidaiwe kwa dola iliyolikopa, na mwimbaji aachiwe uwanja wenye kanuni.

Tuanze na jirani tunayemjua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kila upande ulikuwa na malalamiko yake. Sisi tuliona Kenya inafaidi zaidi viwanda na mashirika ya pamoja, nayo Kenya iliona siasa yetu ya ujamaa ni kikwazo kwa biashara. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na kinyongo cha miaka ile hakikuzikwa. Kilionekana tena mwaka 2017, pale ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya walipokamatwa na kupigwa mnada, na vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia Namanga walipoteketezwa. Kipo kila Mtanzania anapolalamika kwamba Wakenya wanautangaza Kilimanjaro kana kwamba ni wao, na kipo katika ubishi usiokwisha juu ya mtunzi wa "Malaika", kama ni Fadhili William wa Kenya au Adam Salim wa Tanzania. Mei 2025, wakili na mwanasiasa wa Kenya Martha Karua na wenzake walipozuiwa kuingia nchini kufuatilia kesi ya kiongozi wetu wa upinzani Tundu Lissu, matusi yalifurika mitandaoni kutoka pande zote mbili, na hayakuishia kwa viongozi waliohusika. Yalimwagwa juu ya mataifa mazima.

Sasa tazama muziki ulifanya nini mpaka ulipokuwa umefungwa. Wilson Kinyonga na ndugu yake George, wana wa Tanga, walikuwa wameshahamia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978, huku magari hayavuki Namanga, baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo walijitenga na kuunda Les Wanyika, bendi iliyowaweka Watanzania na Wakenya jukwaa moja, na "Sina Makosa" yao ikapendwa Nairobi kama ilivyopendwa Dar es Salaam. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, alikokuwa amekwenda kwa kazi ya muziki. Nyimbo hizo hazikuligusa deni la Jumuiya. Deni hilo lilimalizwa Arusha, Mei 1984, kwa makubaliano ya kugawana mali na madeni chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, na miaka 15 baadaye, tarehe 30 Novemba 1999, mkataba wa Jumuiya mpya ukatiwa saini palepale Arusha. Wanasiasa walidaiana kwa hesabu mezani, wanamuziki wakaendelea kuimba, na kuzuia santuri za Nairobi kusingeirudishia Tanzania hata ndege moja ya Jumuiya.

Ili tuipime hoja hii kwa kidonda kikubwa kuliko chetu, twende Mashariki ya Mbali. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Wakorea walishinikizwa kuchukua majina ya Kijapani, wanaume wakapelekwa kwa nguvu migodini na viwandani, wanawake na wasichana wengi wakafanywa watumwa wa ngono wa jeshi. Baada ya uhuru, Korea Kusini ilizuia filamu, nyimbo na katuni za Kijapani kwa zaidi ya nusu karne. Aliyetendewa hivyo halaumiwi kwa kufunga mlango. Lakini mlango ule ulizaa nini? Katuni za Kijapani ziliingia kwa magendo, nyingine zikaonyeshwa kwenye televisheni zikiwa zimefutwa alama za asili yake, na watengenezaji wa nyumbani wakaiga kimyakimya, hata roboti wao mpendwa Taekwon V wa mwaka 1976 akazaliwa katika kivuli cha Mazinger Z wa Japani. Huko Japani nako, mpiga mieleka Rikidōzan alikuwa shujaa wa televisheni miaka ya 1950, huku ikifichwa kwamba alizaliwa Korea. Taifa moja liliiga kwa siri, jingine likashangilia bila kujua linamshangilia nani. Wahanga hawakupata haki yoyote kutokana na marufuku ile.

Mabadiliko yalikuja Oktoba 1998. Tarehe 8, jijini Tokyo, Waziri Mkuu Keizo Obuchi alitia saini pamoja na Rais Kim Dae-jung wa Korea Kusini tamko ambalo ndani yake Japani ilikiri kwa maandishi mateso iliyowaletea Wakorea na kuomba radhi. Kabla mwezi haujaisha, Seoul ikaanza kuufungua mlango wa utamaduni wa Kijapani kwa awamu. Naomba msomaji auzingatie mpangilio huo: kukiri kulitangulia, kufungua kukafuata. Wengi walihofu kwamba sanaa ya Korea ingezama, na badala yake ikapaa. Mwaka 2002 nchi hizo mbili ziliandaa pamoja Kombe la Dunia. Mwaka 2003 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kuonyesha tamthilia ya Kikorea "Winter Sonata", na kina mama wa Kijapani wakafunga safari hadi Korea kuona mahali ilipopigwa picha. Mwaka 2023 katuni mbili za Kijapani, "The First Slam Dunk" na "Suzume", zilijaza kumbi za sinema za Korea Kusini kwa mamilioni ya watazamaji, miaka minne tu baada ya Wakorea kuendesha kampeni kubwa ya kususia bidhaa za Japani.

Hata hivyo sehemu ya deni ilibaki, na kila ilipofukuliwa, wapo walioipeleka kwa msanii. Agosti 2011 maelfu ya Wajapani waliandamana nje ya kituo cha Fuji TV wakilalamika kwamba kinaonyesha tamthilia nyingi mno za Kikorea. Tarehe 30 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamuru kampuni ya chuma ya Kijapani iwalipe fidia Wakorea waliofanyishwa kazi kwa nguvu wakati wa vita, na siku chache baadaye kituo cha TV Asahi kikafuta onyesho la kundi la muziki la Kikorea, BTS, kwa sababu mmoja wa vijana hao aliwahi kuvaa fulana yenye picha ya wingu la bomu la atomiki na maneno ya kusherehekea uhuru wa Korea. Aprili 2019 zamu ikawa ya upande wa pili: Sana, binti wa Kijapani katika kundi la TWICE la Seoul, aliandika maneno machache ya kuuaga mwisho wa enzi ya mfalme wa nchi yake, akashambuliwa na Wakorea mitandaoni. Binti huyo alizaliwa mwaka 1996. Hakutia saini ya kuitwaa Korea mwaka 1910, wala hakuwa na fidia yoyote mfukoni. Aliyemshambulia hakumpatia bibi yeyote mzee wa Kikorea hata senti ya haki yake.

Atatokea wa kuniambia kwamba Bagika na Bagalu ni mchezo tu, kwamba Ngika hakuwachukua mateka watu wa Gumha, hivyo mfano wangu hauwafai waliomwaga damu. Ni pingamizi zito. Ndiyo maana nawataja Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ambao wajukuu zao leo ni watani. Mhehe huingia msibani kwa Mngoni akasema maneno ambayo mwingine angepigwa kwa kuyatamka, na Mngoni hulipa siku yake ikifika. Utani huo haukufuta vita. Umevihifadhi kwenye kumbukumbu, ukavipa mahali pa kutajwa bila panga kuchomolewa. Unawezekana kwa sababu hakuna mmoja anayemtawala mwenzake leo na hakuna anayekana kwamba vita vilitokea. Pale ambapo mkosaji bado anakana kosa, kumwambia aliyeumizwa acheke ni kumuumiza mara ya pili. Kwa hiyo simtaki Mkorea asahau. Nasema adai mahakamani, bungeni na katika vitabu vya shule, na asiamini kwamba kufunga redio ni kudai.

Pingamizi la pili linauma zaidi, kwa kuwa linatoka jirani. Kwamba nyimbo si maua, zinaweza kuua. Rwanda ilionyesha hivyo mwaka 1994, redio ya RTLM ilipotumia muziki, ukiwemo wa Simon Bikindi, kunogesha propaganda ya chuki. Nakubali, na ndiyo sababu nasema uwanja wenye kanuni, sisemi uwanja usio na mwenyewe. Lakini angalia jinsi mahakama ya kimataifa iliyoketi hapa kwetu Arusha ilivyofanya kazi yake. Desemba 2008 ilimhukumu Bikindi kifungo cha miaka 15, na kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani akiwahimiza watu kuwaua Watutsi. Mahakama ilitafuta kitendo cha mtu huyu, mahali fulani, wakati fulani, haikuhukumu muziki wa taifa wala wa kabila. Hiyo ndiyo kanuni: kumsuta mpinzani ruksa, kuchochea auawe ni jinai, na kudhihaki wafu wa wengine ni aibu inayodai kuombwa radhi. Kampuni ya BTS ilielewa hivyo ilipowaomba radhi manusura wa bomu la atomiki, wa Japani na wa Korea.

Vipi basi vita vinapoendelea? Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia Januari 2025 mikononi mwa waasi wa M23 wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, mwimbaji wa Nigeria Tems alifuta onyesho lake la Kigali baada ya kulalamikiwa, na Februari serikali ya Kongo ikazitaka klabu kama Arsenal na Paris Saint-Germain zivunje mikataba ya kuitangaza Rwanda. Hapa natofautisha mambo mawili ambayo hasira hupenda kuyachanganya. Mkataba wa matangazo ni pesa ya serikali inayotafuta sifa, na kuupinga ni kuidai serikali. Mgeni anayeamua kutoimba kwa dhamiri yake yuko huru pia. Lakini kijana wa Kigali anayetunga nyimbo za mapenzi si jeshi, na msikilizaji wa Bukavu anayempenda si msaliti. Susio linaloigusa dola lina lengo na linaweza kuwa na mwisho, ilhali chuki inayogusa kila mwenye lafudhi fulani haina mahali pa kuishia.

Lipo pia pingamizi la mkate. Wasanii wa Kenya wamelalamika mara nyingi kwamba redio zao zinapiga Bongo Fleva na nyimbo za Nigeria kuliko za nyumbani. Malalamiko hayo ni halali, na siku moja yanaweza kuwa yetu. Lakini Korea Kusini iliyofungua mlango mwaka 1998 haikukaa kutazama bahati. Mwaka uliofuata ilitunga sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni na kuweka fedha humo. Mwimbaji hulindwa kwa hakimiliki inayolipwa, kwa studio, kwa shule za muziki na kwa mirabaha inayomfikia. Kumfungia mgeni mlango kunamridhisha waziri kwa wiki moja, huku msanii wa nyumbani akibaki na umaskini wake uleule.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, kama Japani na Korea zilivyopewa Kombe la Dunia. Tutumie nafasi hiyo kwa akili. Masuala ya mifugo, mahindi, vibali vya kazi na watu wanaokamatwa na kufukuzwa yapelekwe kwa mawaziri na katika Mahakama ya Afrika Mashariki, tena yamalizwe kwa maandishi, kwa maana mashindano hayatayafuta. Mabaraza ya sanaa yaweke majukwaa ya pamoja Mwanza, Kisumu na Kampala, pamoja na ngoma zetu za asili, na wachochezi wa damu washtakiwe mmoja mmoja kwa walichotenda. Nasi mashabiki tumsute mpinzani kwa nguvu zetu zote, ndani ya kanuni, bila kumdai asichokikopa. Ukimkasirikia kiongozi wa Nairobi, wa Dodoma au wa Kampala, mdai yeye kwa jina lake na cheo chake, na mwimbaji wa nchi yake umwache aimbe.