Mtihani wa upasuaji wa kinywa si wa kukariri herufi

KIJANA mmoja niliyemfundisha biolojia hapa Nyanza-Lac amerudi kwangu na madaftari. Amesomea udaktari wa meno Kinshasa, kwa Kifaransa. Sasa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ya upasuaji wa kinywa katika chuo cha nchi jirani, ambako masomo ni kwa Kiingereza. Amenitafuta kwa sababu nilisoma ukimbizini Tanzania, kule Ulyankulu, na Kiingereza cha sekondari bado hakijanitoka.

Alikuja na kitabu kinene cha maswali ya kuchagua jibu. Nikamsomea moja: usaha wa gego la mwisho la taya la chini huelekea wapi?

"Ni C, mwalimu," akajibu kabla sijamaliza. Ilikuwa C kweli. Nikamuuliza kwa nini. Akanyamaza.

Vijana wetu wengi waliorejea wanajiandaa hivyo hivyo, na sisi wazazi tunawasifu kwa kukesha. Kwa maoni yangu, wanakesha bure.

Sababu yenyewe si ngumu. Chini ya ulimi kuna msuli mpana, uliotandazwa toka upande mmoja wa taya hadi wa pili. Ndio sakafu ya kinywa. Mstari ambapo msuli huo umejishikiza kwenye mfupa hupanda kadiri unavyokwenda nyuma. Kwa hiyo mizizi ya magego mawili ya mwisho huishia chini ya mstari huo, na ya meno ya mbele huishia juu yake. Usaha wa magego hayo ukitoboa mfupa kwa ndani, haumwagiki kinywani ukatemwa. Unashuka chini ya taya, kuelekea shingoni. Ukienea pande zote mbili, ulimi huinuliwa na njia ya hewa huziba. Daktari Mjerumani, Wilhelm von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Mwaka 2011 mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akifanya biashara ya kuvuka Mugina hadi Manyovu, alivimba taya. Akasubiri siku ya gulio ipite, huku akimeza vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja. Alipofika kwa mganga wa zahanati, mate yalikuwa yakimtoka, hawezi kuyameza, na chini ya kidevu pamekuwa pagumu kama ubao. Akapewa vidonge vingine, akaambiwa arudi Jumatatu. Tulimzika Jumapili.

Aliyempa vidonge bila shaka naye alifaulu mitihani yake. Kwa mgonjwa wa namna ile huanzi kuuliza dawa gani, unaangalia anapumuaje. Njia ya hewa ilindwe, ndipo jipu lipasuliwe, jino liondolewe, dawa ipite kwenye mshipa.

Sisemi vitabu vya maswali vitupwe. Vitumike mwishoni, kujipima. Kabla ya hapo mtahiniwa achore taya, aonyeshe msuli, neva na njia ya usaha, aeleze kila hatua. Nao watungaji wa mitihani waweke japo swali moja la kujieleza, maana herufi inaweza kubahatishwa.

Mtihani ni mwezi ujao. Tunachora kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na nimemkatalia Kiingereza mpaka kwanza anieleze kwa Kiswahili cha gulioni. Anasema namchelewesha.