Laptopu ya mwanafunzi: Betri kwanza, gemu baadaye

MSIMU wa alizeti mkoani Singida unapomalizika na fedha za mavuno kuingia mifukoni, wazazi wengi huanza kuulizia bei za kompyuta mpakato. Wapo wenye vijana wanaojiandaa kujiunga na Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) hapo hapo Singida, wengine Chuo Kikuu cha Dodoma, na wengine vyuo vya Dar es Salaam. Wote wanataka mashine iwe mkononi kabla masomo hayajaanza Oktoba au Novemba. Kwa mfanyabiashara mdogo anayefuata mzigo Kariakoo, safari ya takriban kilomita 700, swali la msimu ni moja: alete laptopu za aina gani?

Kijana anayenunuliwa mashine hiyo kwa kawaida hutaka mambo mawili kwa pamoja. Anataka betri ikae kutwa nzima, na anataka gemu za mpira na za magari zichezeke bila kukwama. Muuzaji asiyetaka kumpoteza mteja humjibu kwamba yote yanawezekana kwa bei hiyo hiyo. Jibu hilo ndilo linaloharibu soko, kwa sababu hesabu hailiungi mkono.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50, ikiwa kwenye mashine inayotumia wati 8 wakati wa kuandika na kusoma, hukaa saa 6 na robo. Betri hiyo hiyo ikiwekwa kwenye mashine ya gemu yenye kadi yake ya picha, ambayo mchezo ukipamba moto hula wati 70, huisha kwa dakika 43 tu. Kuongeza betri nako kuna mwisho. Wati-saa 100 ndicho kikomo ambacho abiria wa ndege huruhusiwa kubeba bila kibali cha shirika, na watengenezaji wengi hukwepa kukivuka. Hata betri hiyo, kwa wati 70, haifikishi saa moja na nusu.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba laptopu nyingi za gemu hujipunguza nguvu zenyewe zinapochomolewa ukutani, kwa kuwa betri haiwezi kutoa umeme kama unaotolewa na chaja. Mteja basi hulipia nguvu ambayo ataipata akiwa karibu na soketi tu.

Ni kweli viwanda vimehangaika kutafuta uwiano. Mwaka 2010 NVIDIA ilileta mfumo wa Optimus, unaoilaza kadi kubwa ya picha wakati kazi ni nyepesi. Mwaka 2020 ASUS ilitoa ROG Zephyrus G14 yenye betri ya wati-saa 76, mashine nyepesi iliyoweza kukaa muda mrefu kwa kazi za ofisi na pia kucheza gemu nzito. Novemba mwaka huo huo Apple ilitoa MacBook Air yenye prosesa ya M1 na kutangaza kwamba hukaa hadi saa 15 mtu akiwa kwenye intaneti, kwa betri isiyofika wati-saa 50. Hata hivyo, gemu nyingi wanazozitaka vijana zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Uwiano upo, lakini unauzwa kwa fedha nyingi, na hata hao waliofanikiwa hawajaweza kutoa vyote viwili kwa saa ile ile.

Fedha hizo nyingi ndizo ambazo mnunuzi wa Singida hana. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu alipandishiwa posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa kipimo hicho, laptopu ya shilingi 600,000 ni sawa na siku 60 za kula na kulala. Asiyepata bumu hutegemea magunia ya mzazi. Katika hali zote mbili, akikosea kununua hana fedha ya kununua tena, na miaka mitatu ya chuo ataimaliza na mashine iliyozimika mfukoni.

Wapo watakaosema tatizo la umeme limekwisha. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, kuingizwa kwenye gridi Februari 2024. Lakini umeme kuwapo mjini ni jambo moja na soketi kuwa karibu na kiti ni jambo jingine. Ukumbi wa wanafunzi 300 hauna soketi 300. Gemu husubiri mpaka jioni, chumbani, chaja ikiwa ukutani. Tena asiyekuwa na mashine anaweza kwenda kwenye kibanda cha gemu mtaani. Mhadhara wa saa nne asubuhi haumsubiri mtu. Kwa sababu hiyo betri ndiyo inayostahili kupewa uzito wa kwanza, na gemu kuchukua kinachobaki.

Kwa upande wa mzigo, mashine za ofisi za mtumba ndizo zinazofaa kuwa sehemu kubwa ya mtaji. Mfano mzuri ni Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina betri mbili: ya ndani wati-saa 24, na ya nje inayochomoka, ambayo huweza kuwa ya wati-saa 24 au 72. Yenye betri kubwa ina jumla ya wati-saa 96. Mashine ya namna hiyo hucheza PES 2013 bila taabu. Lakini EA Sports FC 24 ya mwaka 2023, ambayo wenyewe wametaka kadi ya picha isiyopungua GTX 1050 Ti na nafasi ya jigabaiti 100 kwenye diski, si kazi yake. Muuzaji mwaminifu atalisema hilo kabla ya kupokea fedha.

Mashine za gemu zina wateja wake halali: anayesomea usanifu majengo au uhandisi, na anayehariri video kwa malipo. Kwao kadi ya picha ni jembe. Hizo ziagizwe kwa oda na malipo ya awali, zisijazwe dukani. Chukua mfano wa mtaji wa shilingi milioni 6. Fedha hiyo hununua mashine 10 za shilingi 600,000, au 4 za shilingi milioni 1.5. Moja ikikwama katika kundi la kwanza, sehemu ya kumi ya mtaji imelala. Ikikwama moja katika kundi la pili, imelala robo nzima, na matoleo mapya yanazidi kuishusha bei.

Kila mashine ya mtumba ipimwe betri kabla ya kulipiwa, si baada ya kufika Singida. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa hujaa hadi wapi. Betri nyingi za lithiamu hubaki na takriban asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na mashine iliyofanya kazi ofisini miaka kadhaa huenda imepita hapo. Ikiwa iliyokuwa ya wati-saa 50 sasa hujaa hadi 30, zile saa 6 na robo zimebaki 3 na dakika 45. Bei ishuke, au betri ibadilishwe.

Chaja nayo itazamwe. Laptopu ya gemu iliyotoka kiwandani na chaja ya wati 180, ikiuzwa na ya wati 65, itakwama au kumaliza betri ingawa imechomekwa.

Mwenye duka akichapisha ripoti ya betri na kumkabidhi mteja pamoja na risiti, na kumwelekeza kijana acheze akiwa kwenye umeme huku gemu ikiwekewa kikomo cha picha 30 kwa sekunde, atakuwa amepunguza malalamiko ya Januari. Waswahili husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Katika mji ambao wateja wa msimu ujao ni wadogo zao wa hawa wa sasa, mahesabu hayo hufanywa pia na upande wa mnunuzi.